CUPS inasema imekamilika lakini printa haijasogea: poti ya paraleli kwenye Linux

"Shikamoo fundi. Namsaidia mjomba kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi. Tunatumia printa ya Epson LX-300+, ile ya riboni, kutolea ankara za nakala tatu. Kompyuta ya zamani ilikufa, tukanunua nyingine iliyotumika nikaiwekea Debian, moja ya matoleo ya Linux. Haina ile poti kubwa ya printa kwa hiyo nikanunua kadi ya PCIe yenye poti ya paraleli, ndiyo hiyo ya printa, nikaichomeka ndani. Nikafuata maelekezo ya mtandaoni nikaweka io=0x378 irq=7. Sasa nikiwa root nikiandika echo test > /dev/lp0 hakuna kosa lolote, na CUPS, ile programu inayosimamia uchapishaji, nayo inaonyesha kazi imekamilika, ila printa haisogei hata kidogo. Nikizima kompyuta na kuiwasha tena, CUPS inaanza kulalamika haioni printa, mpaka nirudie ile echo ndo inatulia. Nimebadilisha mode zote za poti kwenye BIOS, nimefanya chmod 777 ili kila mtu awe na ruhusa zote, wapi. Kwenye laptop ya rafiki yangu yenye Linux nilitumia waya wa USB kwenda paraleli, ikatoa, lakini mistari inashuka kama ngazi kuelekea kulia. Mjomba anasema printa imezeeka tuitupe. Je tatizo ni printa, ni kadi, au Linux haizitaki tena hizi printa?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza mwambie mjomba asiitupe hiyo printa. Umeshathibitisha mwenyewe kwamba iko hai ile siku ulipotumia laptop ya rafiki yako, maana ilipokea herufi ikazipiga kwenye karatasi, kwa hiyo sindano zinagonga, riboni inazunguka na soketi yake ya nyuma inapokea data. Hiyo ngazi ni jambo lingine kabisa, nitalifikia. Na Linux haijaziacha printa hizi, moduli za poti ya paraleli, yaani vipande vya programu vinavyoiendesha, bado zimo kwenye kerneli (kiini cha mfumo) ya Debian mpaka leo. Shida yako iko katikati, na kwa jinsi ulivyoeleza naamini kabisa kwamba herufi zako hazijawahi kufika kwenye ile kadi hata mara moja.

Kabla hujagusa kitu, rudia ile echo yako halafu andika hivi:

ls -l /dev/lp0

Angalia alama ya kwanza kabisa ya mstari utakaotoka. Poti ya kweli inaanza na herufi c, utaona kitu kama crw-rw---- root lp 6, 0. Wewe nategemea utakuta kistari, yaani -rw-r--r--, au -rwxrwxrwx kama umeshaipiga ile chmod yako. Kistari maana yake hilo ni faili la kawaida, kama barua yoyote uliyoihifadhi, halina uhusiano wowote na printa. Ukiandika cat /dev/lp0 utakuta ulichotuma kimekaa humo humo.

Limetokeaje? Ile alama ya > kwenye terminali kazi yake ni kumwaga maneno kwenye faili, na kama faili halipo inaliunda. Kerneli haikuona poti yoyote kwa hiyo haikutengeneza /dev/lp0, wewe ukaja ukiwa root mwenye ruhusa zote, ukaandika echo test > /dev/lp0, shell, ile programu inayopokea amri zako, ikaona hakuna kitu chenye jina hilo ikakuundia faili jipya bila kuuliza. Ndo maana hakukuwa na kosa lolote. CUPS nayo ikapewa njia ya /dev/lp0, ikaikuta ipo, ikamwaga ankara za mjomba humo ndani ikakuandikia imekamilika, na kwa upande wake ni kweli imekamilika maana imeandika ilipoambiwa iandike. Halafu /dev yote inakaa kwenye RAM, haikai kwenye diski, kwa hiyo ukizima kompyuta faili lako linapotea, ukiwasha CUPS haikuti kitu inalalamika, ukirudia echo unaliunda upya inatulia. Kila dalili uliyoitaja inaelezeka hapo. Chmod 777 haikuweza kusaidia kwa sababu ulikuwa unafungua milango ya nyumba isiyo sahihi, na hata poti ikiwa ya kweli sikushauri uitumie, mtumiaji anayetaka kuandika moja kwa moja anaongezwa tu kwenye kundi la lp, basi.

Sasa kwa nini kerneli haikuona kadi? Ni zile io=0x378 irq=7. Hizo namba sio za kubuni, io ni anwani na irq ni namba ya intarapti (ishara ya kuigutua kerneli), za miaka mingi za poti ya kwanza ya printa kwenye kompyuta za ukoo wa IBM PC, poti iliyokuwa imeshikana na ubao mama wenyewe, na ya pili yake ilikuwa 0x278 na irq 5. Maelekezo mengi unayoyakuta yameandikwa enzi hizo. Kadi ya PCIe haikai huko, yenyewe inapangiwa anwani yake wakati kompyuta inawaka, inaweza kuwa 0xd010 au 0xe100 au nyingine yoyote. Na kibaya zaidi, moduli ya parport_pc ukiipa anwani kwa mkono inaangalia hapo ulipoitajia tu, haihangaiki kutafuta kadi za PCI kabisa. Kwa hiyo ulichokiweka ili kusaidia ndo kilichoifunga macho. BIOS nayo zile mode za SPP, EPP na ECP ni za poti ya kwenye ubao mama, kama ubao hauna poti au unatumia kadi, ungebadilisha mpaka kesho na kadi isingejua, zirudishe zilivyokuwa.

Kurekebisha ni kazi ya dakika chache. Tafuta hilo andiko lako ndani ya /etc/modprobe.d/ kwa amri hii:

grep -rE 'parport|blacklist lp' /etc/modprobe.d/

Ukikuta mstari wa options parport_pc io=0x378 irq=7 ufute au uwekee alama ya # mbele. Kama kuna mstari unaoanza na blacklist na ndani yake kuna parport_pc au lp, huo nao uondoe. Kisha futa lile faili la uongo kwa sudo rm /dev/lp0, lakini hakikisha kwanza linaanza na kistari. Halafu zima kompyuta kabisa uiwashe upya, ni rahisi kuliko kuanza kutoa moduli moja moja maana zinashikana, lp inamshikilia parport, ppdev naye yumo humo humo.

Ikishawaka andika lspci -k. Kwenye orodha tafuta kadi yako, nyingine zinajiita Parallel controller, nyingine Serial controller au Communication controller hasa zile zenye poti za aina mbili kwa pamoja, na chini yake kuwe na mstari unaosema driver in use ikifuatiwa na parport_pc au parport_serial. Kadi isipotokea kabisa kwenye lspci basi hilo sio suala la programu, zima, chomoa waya wa umeme, itoe kadi na uirudishe vizuri, au ijaribu kwenye tundu lingine, kompyuta zilizotumika mara nyingi matundu yanakuwa na vumbi. Ikitokea lakini haina draiva, jaribu kuita mwenyewe:

sudo modprobe parport_pc
sudo modprobe lp
sudo dmesg | grep -iE 'parport|lp0'

Unachotaka kukiona ni mistari miwili. Wa kwanza unasema parport0: PC-style at ikifuatiwa na anwani, na wa pili unasema lp0: using parport0. Huo wa pili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu parport_pc inajua poti tu, anayetengeneza /dev/lp0 ni moduli ya lp. Nimeona watu wengi kadi imeonekana vizuri kabisa ila lp haijapakiwa, wanahangaika siku nzima. Kama kila ukiwasha inabidi uite kwa mkono, andika neno lp kwenye faili moja ndani ya /etc/modules-load.d/ na limalizike na .conf, itajipakia yenyewe.

Sasa rudia ls -l /dev/lp0. Ukiona c ndo tunaweza kuongea na printa. Iwashe, weka karatasi, hakikisha taa ya Pause imezimika, kisha:

printf 'Habari\r\nMstari wa pili\r\n\f' | sudo tee /dev/lp0 > /dev/null

Nimetumia tee kwa sababu sudo echo ... > /dev/lp0 haifanyi unachofikiri, sudo inampa ruhusa echo tu wakati anayefungua faili ni shell yako ya kawaida. Ila na tee pia ingeunda faili la uongo kama poti haipo, kwa hiyo ile ls usiiruke kamwe. Na kuna kipimo kingine kizuri, zima printa halafu tuma tena. Kwa kawaida poti ya kweli itakwama, terminali haikurudishii mwanzo wa mstari mpaka uwashe printa au ubonyeze Ctrl-C. Ikipokea papo hapo printa ikiwa imezimwa, kuwa na wasiwasi.

Hapo kwenye kukwama ndo nataka uelewe hii poti inavyofanya kazi, maana ukishaielewa utakuwa unatambua matatizo yake mengi kwa macho. Ilianzia kwa kampuni ya Centronics mwaka 1970, na mpaka leo ile soketi pana ya nyuma ya printa yako yenye pini 36 watu wanaiita kwa jina hilo, upande wa kompyuta IBM wakaweka ya pini 25 mwaka 1981. Pini ya 2 mpaka ya 9 zinabeba biti nane za herufi moja kwa wakati mmoja, ndo maana ikaitwa paraleli. Kompyuta inaweka herufi kwenye nyaya hizo nane, inaangalia waya wa BUSY kama printa haiko bize, kisha inaugonga kidogo waya wa STROBE kuiambia printa chukua. Printa inachukua, inajitangaza bize, ikimaliza inajibu kwa waya wa ACK, inakuja herufi nyingine. Kwa namna hii ya kawaida habari zote ambazo kompyuta inazipata kutoka kwa printa ni nyaya tano tu: ACK, BUSY, karatasi imeisha, printa imechaguliwa, na hitilafu. Hakuna njia ya printa kusema nimeshapiga ukurasa wako. Kwa hiyo neno imekamilika la CUPS lichukulie kama neno la kondakta aliyekwambia mzigo wako nimeupakia, kufika ni jambo lingine, kamwangalie mpokeaji.

Ndo maana pia ujumbe wa kerneli kwenye dmesg ni mfupi mfupi. lp0 out of paper na lp0 off-line zinajieleza. Upo mmoja unaowatisha watu, lp0 on fire, kwamba printa inaungua moto. Usikimbie kuchukua ndoo ya maji, maana yake waya wa hitilafu umeshuka wakati karatasi ipo na printa inasema iko tayari, kerneli haina maelezo zaidi ya hapo. Mara nyingi ni kebo imelegea, au kichwa cha printa kimekwama na karatasi. Tazama mara mbili, na kama kweli unasikia harufu ya kuungua, basi hilo ni suala la kuchomoa umeme kwanza.

Sasa ngazi. Hii haihitaji draiva wala fundi. Mashine ya kuandikia ya zamani ilikuwa na vitendo viwili mwisho wa mstari, kurudisha kichwa kushoto na kusogeza karatasi juu, na printa yako bado inaviona kama vitu viwili, CR na LF. Unix, mfumo ambao Linux inafuata mtindo wake, tangu zamani inamaliza mstari kwa LF peke yake. Kwa hiyo printa inatii kama ilivyoambiwa, inasogeza karatasi bila kurudisha kichwa, mstari wa pili unaanzia pale wa kwanza ulipoishia, na kadhalika mpaka unatoka nje ya karatasi. Windows na DOS zinatuma vyote viwili, ndo maana watu wakihamia Linux wanadhani printa imeharibika. Kwenye mfano wangu wa juu nimeweka \r\n kwa makusudi. Faili lolote la maandishi unaligeuza hivi:

sed 's/$/\r/' ankara.txt | sudo tee /dev/lp0 > /dev/null

Kuna wanaobadilisha mpangilio wa Auto line feed kwenye printa, wakidhani ndo dawa. Soma vizuri, huo unaongeza LF kila inapopokea CR, yaani ni dawa ya tatizo la kinyume, lile la mistari yote kupigwa juu ya mstari mmoja. Ukiuwasha halafu programu yako inatuma zote mbili utapata nafasi tupu kati ya kila mstari, mjomba ataona karatasi inaliwa mara mbili. Uache umezimwa.

Ikishapita hapo ndo uende CUPS, sio kabla. Hili nalisisitiza kwa sababu karibu kila mtu anaanzia CUPS kwa vile ina ukurasa mzuri wa kubonyeza pale localhost:631, anafuta printa anaiongeza, anafuta anaiongeza, wakati chini hakuna poti. Panda kutoka chini: printa yenyewe, kebo, kadi, kerneli, /dev/lp0, ndo CUPS iwe ya mwisho. Andika sudo lpinfo -v, uone mstari wa parallel:/dev/lp0. Usipouona hakikisha pakiti ya cups-filters ipo, maana tangu CUPS 1.6 sehemu inayoongea na poti ya paraleli ilihamishiwa huko. Kisha:

sudo lpadmin -p ankara -E -v parallel:/dev/lp0 -m drv:///sample.drv/epson9.ppd

Hiyo ni draiva ya printa za Epson za sindano tisa, yako ni mojawapo. Lakini hapa nikupe maoni yangu ya kazi, kwa ankara usipitishe kwenye draiva kama unaweza kukwepa. Draiva inageuza ukurasa mzima kuwa picha halafu sindano zinachora picha hiyo mstari kwa mstari, inakuwa polepole, kelele nyingi, riboni inaisha haraka na nakala ya tatu haisomeki vizuri. Printa hii ina herufi zake yenyewe ndani, ukiitumia maandishi matupu inapiga kwa kasi na kwa nguvu. Kama programu ya mauzo ya mjomba inaweza kutoa maandishi ya kawaida, tuma kwa lp -d ankara -o raw ankara.txt, lakini kumbuka kwa njia hii hakuna wa kukuongezea CR, iweke mwenyewe. Na kama karatasi zenu ni zile za kuunganika zilizokatwa nusu, yaani inchi 5.5, iambie printa urefu wa fomu ni mistari 33, usipoiambia inadhani ni 66 na kila ankara itaruka moja tupu. Mwanzo wa faili unatanguliza hivi:

printf '\033@\033C\041'

Ile ya kwanza inairudisha printa kwenye hali yake ya mwanzo, ya pili inaweka 33, maana 041 kwa hesabu ya oktali ndo 33.

Jambo lingine litakalokusumbua, karatasi ikiisha katikati au mtu akizima printa, CUPS kwenye baadhi ya mipangilio inaisimamisha foleni nzima na haijifungui yenyewe. Vijana wa kaunta wataendelea kubonyeza, kazi zinajazana, siku ukifungua zinatoka ankara arobaini za jana. Angalia kwa lpstat -t, safisha kwa cancel -a ankara, kisha cupsenable ankara. Na ukijaribu kuandika kwenye /dev/lp0 ukaambiwa Device or resource busy, ni CUPS imeishikilia poti wakati huo, subiri imalize.

Kama itapiga mistari kadhaa, inasimama muda mrefu, inapiga tena, shuku intarapti. Kerneli inategemea kadi iigutue kila printa inapokuwa tayari, na kadi nyingine za bei rahisi hazigutui inavyotakiwa, basi kerneli inakaa inasubiri mpaka muda uishe. Dawa yake kwa poti ya kwenye ubao mama ni options parport_pc io=0x378 irq=none, ili iwe inaenda kuangalia yenyewe badala ya kusubiri kugutuliwa. Kwa kadi yako usiguse hiyo, umeshaona madhara ya kutaja anwani kwa mkono. Poti ikishapatikana unaweza kujaribu kuhamisha kadi tundu lingine, na ikishindikana kadi yenyewe haifai, badilisha. Wenzetu wa FreeBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, wana wepesi hapo, poti yao inaitwa /dev/lpt0 na amri ya lptcontrol -p inaipeleka kwenye kuangalia yenyewe bila hata kuwasha upya, ila ngazi wanaipata kama sisi.

Na siku herufi zikitoka za ajabu, usikimbilie draiva. Tuma ABCDEFGH tu uone. Ukipata ACCEEGGI, waya wa biti ya kwanza, pini ya 2, umekatika au haugusi, kwa hiyo kila herufi inaonekana kama ina biti hiyo. Ukipata @BBDDFFH waya huo huo umegusana na ardhi. Kebo inasema ukweli kwa mpangilio, wakati draiva mbaya inatoa takataka zisizo na mpangilio. LX-300+ pia ukizima, ukashikilia LF/FF na Load/Eject kwa pamoja wakati unaiwasha, itakuwa inapiga namba za kila baiti inayopokea badala ya herufi, hapo unaona kabisa 0A (ndo LF) imekuja bila 0D (CR) yake. Ukishikilia LF/FF peke yake inajipima yenyewe bila kompyuta, ndo kipimo cha kumtuliza mjomba.

Kuhusu njia mbadala, nikwambie wazi. Ule waya wa USB wa rafiki yako unafanya kazi, ni rahisi, na kama kadi itagoma kabisa sio aibu kuutumia. Jua tu kwamba huo sio poti ya paraleli machoni pa kerneli, ni printa ya USB, unaonekana /dev/usb/lp0 kupitia moduli ya usblp, hayo maelekezo ya parport hayauhusu hata kidogo. Ubaya wake ni kwamba ubora unatofautiana sana, mwingine unapoteza herufi kwenye kazi ndefu, na mtu akiuchomoa kufagia mezani ndo basi. Kwa duka ambalo kompyuta inakaa mahali pamoja mwaka mzima ningebaki na kadi, imefungwa ndani haiguswi. Na ikifika siku ya kununua printa mpya, LX-350 ina USB na paraleli zote, na ni ya sindano vilevile, usidanganyike na leza kwa sababu nakala za kaboni zinataka kitu kinachogonga.

Kebo iwe fupi, mita mbili inatosha, ile iliyoandikwa IEEE 1284 inaweza kwenda mpaka mita 10 lakini sioni sababu. Na tafadhali sana, zima printa na kompyuta zote mbili kabla ya kuchomeka au kuchomoa kebo ya paraleli. Hii sio USB. Niliwahi kuua poti ya kompyuta ya mteja kwa kuchomoa kebo printa ikiwa inawaka, soketi za ukutani zilikuwa mbili tofauti na moja haikuwa na ardhi, ikasikika tu cheche ndogo, na nyaya hizi zinafanya kazi kwa volti 5 hazina ulinzi wa maana. Tangu siku hiyo printa na kompyuta naziweka kwenye ekstensheni moja yenye ardhi ya kweli.

Hapo hapo ndo penye mpaka wa kufanya mwenyewe. Ukigusa chuma cha printa ukasikia mtetemo wa umeme, acha kila kitu umwite fundi umeme apime ardhi ya duka, hilo halihusiani na Linux na linaweza kuumiza mtu. Printa ikishindwa kujipima yenyewe kwa LF/FF, au ikapiga lakini kila herufi ina mstari mweupe unaokatiza kwa mlalo pale pale, hiyo ni sindano imevunjika au imeganda wino, ipeleke kwa fundi wa printa, usiifungue kichwa nyumbani. Na kama kadi inaonekana kwenye lspci, draiva ipo, /dev/lp0 ina c, lakini umejaribu kebo mbili na printa inayojipima vizuri na bado kimya, kadi ipimwe kwenye kompyuta nyingine kabla hujanunua ya pili.

Anza na ile ls -l leo hii. Ukikwama baada ya kuondoa io=0x378, nitumie matokeo ya lspci -k sehemu ya kadi, ya dmesg kuhusu parport, na ya ls -l /dev/lp0, pamoja na jina lililoandikwa kwenye chipu kubwa ya kadi, na hapo nitakuwa na cha kukujibu.